Kutafuta Visukuku na Familia: Pesa Iende Wapi?

Anayesikia kwamba kutafuta visukuku ni burudani ya nje inayowafaa mtoto wa miaka sita na babu wa miaka sabini kwa siku ile ile, aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya nyundo. Kwa aliye nyumbani Afrika Mashariki, nyundo haina kazi. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na msimamo wa zote mbili ni kwamba kisukuku si mali ya aliyekiona. Huruhusiwi kukichimba bila kibali, kukiuza wala kukivusha mpakani.

Naziunga mkono sheria hizo kwa moyo wote. Mfupa hauna tarehe iliyoandikwa juu yake. Umri wake unasomwa kwenye majivu ya volkano yaliyo chini na juu ya tabaka ulimolala. Ndivyo fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey pale Oldupai, Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, lilivyokuja kujulikana kuwa la miaka takriban milioni 1.75. Fuvu hilo hilo lingekuwa limeokotwa na kutiwa mfukoni na mpita njia, leo lingekuwa pambo la kabati, na hakuna ambaye angeweza kusema ni la lini.

Basi hapa kwetu hununui kitu cha kubeba. Unalipia usafiri, unalipia kiingilio, na unalipia macho ya mtu anayejua kutazama. Katika hayo matatu, la mwisho ni la bei ndogo, na ndilo familia nyingi hulibania. Wapo wanaotumia maelfu kwa mafuta ya gari, kisha wakifika wanamwambia mwongozaji, "Tutazunguka wenyewe." Hapo safari yote imekwenda bure.

Thamani ya macho hayo inaonekana vizuri kwa Kamoya Kimeu, Mkenya aliyefariki mwaka 2022 baada ya maisha marefu ya kutafuta visukuku. Mwezi Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, alikuwa akitembea kwenye mteremko uliojaa changarawe nyeusi karibu na mto mkavu. Katikati ya changarawe hiyo aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake haitofautiani na mawe yaliyokizunguka. Wengine wangekikanyaga. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana mifupa ya mwili karibu mzima wa kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye ulimwengu sasa unamwita Kijana wa Turkana. Kamoya hakuwa amesoma chuo kikuu. Alikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kutazama ardhi.

Kwa anayeishi Nairobi, kuna njia mbili za bei nafuu, nami nashauri zifuatwe kwa mpangilio huu: makumbusho kwanza, uwandani baadaye. Kiingilio cha Makumbusho ya Taifa ya Nairobi kwa mwananchi kwa muda mrefu kimekuwa shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili wanaingia kwa shilingi 600, na matatu ya kufika pale ni ya bei ya kawaida ya mjini. Humo yumo Kijana wa Turkana, na yamo mafuvu yaliyopangwa ili ulinganishe paji la uso la huyu na taya la yule. Mkalishe mtoto mbele ya fuvu moja tu kwa dakika kumi, na umwachie penseli na karatasi achore. Akishachora tundu la jicho na mstari wa meno, atakapofika uwandani atajua mfupa unavyopinda na jiwe lisivyopinda.

Uwanda wenyewe ni Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, kama kilomita 70 kutoka mjini. Tupige hesabu ya gari dogo: kwenda na kurudi ni kilomita 140, gari likitumia lita moja kwa kilomita kumi, ni lita 14, lita ikiwa shilingi 180, mafuta ni 2,520. Kiingilio cha familia ya wananchi hakizidi mamia machache ya shilingi. Ongeza bakshishi ya mwongozaji, shilingi 500, chakula ulichopika nyumbani na maji mengi, na siku nzima imekwisha kwa kama shilingi 4,000. Asiye na gari apande matatu za Magadi kupitia Kiserian. Ni chache, kwa hiyo aulize mapema ya mwisho ya kurudi inapita saa ngapi. Chini ya Bonde la Ufa kuna joto kali. Ukifika saa nne asubuhi umechelewa. Familia yenye watoto iwe langoni mapema, imalize mzunguko kabla jua halijawa la utosini.

Pale kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na chini yake yamelala mashoka ya mawe mamia kwa mamia, yameachwa palepale yalipokutwa. Mary Leakey na mumewe Louis walianza kazi hapo katika miaka ya 1940. Mashoka hayo si visukuku, ni zana, na mwongozaji mzuri atamweleza mtoto tofauti hiyo kabla hajauliza. Visukuku vipo pia: mifupa ya tembo wa aina iliyotoweka, na mabaki ya nyani wakubwa wa zamani wa jamii ambayo ndugu zao waliobaki leo wako nyanda za juu za Ethiopia. Inama karibu na shoka moja, bila kuligusa, uone ukingo wake. Utaona mahali pa kila pigo, pande zote mbili, hadi ncha ikakaa katikati. Aliyelitengeneza alikuwa na sura ya shoka kichwani kabla ya pigo la kwanza. Kwa shilingi 4,000, sijui burudani nyingine karibu na Nairobi inayompa mtoto jambo zito namna hiyo la kufikiria njiani akirudi. Vibanda vya kulala vipo kwa wanaotaka kuona nyota, ila uje na chakula na maji yako.

Watu huniuliza kuhusu Koobi Fora na Hifadhi ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana. Ni mahali pa ajabu, pana miti iliyogeuka mawe na visukuku vilivyoachwa vionekane mahali vilipokutwa. Lakini ni safari ya siku kadhaa kupitia Marsabit au Loiyangalani, barabara ni mbovu, na hakuna mtu mwenye busara anayekwenda na gari moja. Gharama yake hailinganishwi na hizi nyingine. Aliye na wiki nzima, magari mawili na watoto waliokwisha kuzoea safari, aende. Anayeanza asianzie huko.

Upande wa Tanzania, jina kubwa ni Oldupai, na hapa hesabu inabadilika kwa sababu bonde liko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Unalipa mara mbili: kuingia hifadhini, kisha kuingia kwenye makumbusho yenyewe. Mgeni kutoka nje amekuwa akilipa dola 60 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, yaani dola 70.80, kwa saa 24. Raia amekuwa akilipa shilingi 10,000 pamoja na kodi hiyo, yaani 11,800. Tofauti hii ni zawadi kubwa kwa Mtanzania, na inanisikitisha kwamba wengi hawaitumii. Kinachomuumiza raia ni gari. Kutoka Arusha ni karibu kilomita 200, na ndani ya hifadhi unahitaji gari la magurudumu manne. Landcruiser ya kukodi pamoja na dereva inaweza kufika dola 150 hadi 250 kwa siku. Mkiwa wawili, ni mzigo. Mkiwa saba, kila mmoja anachangia kama nauli ya basi la kwenda Dar na kurudi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa raia ni kwamba Oldupai ni safari ya ukoo, ya kikundi cha kanisa au msikiti, ya wafanyakazi wa ofisi moja. Msiende wawili wawili.

Anayekwenda Serengeti kwa barabara kutoka Ngorongoro anapita karibu kabisa na bonde hilo, kilomita chache tu kutoka njia kuu. Hapo gari na kiingilio cha hifadhi vimeshalipiwa. Kinachoongezeka ni kiingilio cha makumbusho na saa mbili za muda. Kampuni nyingi za utalii hupita bila kusimama, kwa hiyo sema wakati wa kupanga bei kwamba Oldupai iandikwe kwenye ratiba. Ukisubiri umwambie dereva njiani, atakujibu kwamba muda hautoshi, na mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017. Usiishie ndani. Kaa kwenye ukingo usikilize maelezo ya mwongozaji huku ukitazama matabaka upande wa pili: jeusi la lava chini, kijivu juu yake, kisha lile jekundu ambalo hata mtoto mdogo ataliona bila kuonyeshwa. Bonde lina kina cha karibu mita 90, na macho yako yanapopanda kutoka sakafuni hadi ukingoni yanapita karibu miaka milioni mbili. Kisha omba kushuka na mwongozaji hadi mahali fuvu la Zinjanthropus lilipoonekana, palipowekwa jiwe la kumbukumbu. Lipia huduma hiyo ya ziada. Sakafuni vipande vya mifupa vimelala wazi, na mwongozaji atakuonyesha kipi ni mfupa na kipi ni jiwe kabla wewe hujajua kwamba kuna kitu cha kutazama.

Asiyeweza kufika huko, aliye Dar es Salaam, anayo Makumbusho ya Taifa, yenye sehemu nzima kuhusu asili ya binadamu. Ni nusu siku, kwa shilingi elfu chache, na panafaa hata siku ya mvua.

Na Lindi? Kilima cha Tendaguru kilitoa baadhi ya mifupa ya dinosau iliyo mikubwa kuliko yote iliyowahi kuchimbwa duniani. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo, na wapagazi wa Kiafrika wakabeba mizigo kwa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Yapata tani 225 za mifupa zikapelekwa Berlin. Msimamizi mkuu wa kazi ile, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kutoa na kuhifadhi mifupa ambaye jina lake lastahili kufundishwa shuleni. Leo mgeni wa siku moja kilimani ataona vichaka na mashimo yaliyofunikwa, ilhali dinosau mwenyewe, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, amesimama katika makumbusho ya Berlin. Msomaji aliye Ujerumani anaweza kumwona kwa tiketi ya makumbusho. Mtoto wa Lindi angehitaji tiketi ya ndege na viza. Naona hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Sasa nije kwenye chaguo ninalolipenda kuliko yote, na halina kiingilio. Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliokuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, nasi tukajenga juu yake na kwa mawe yake. Handaki la Ngome ya Yesu, Mombasa, limechongwa ndani ya mwamba huo. Kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe yake. Wanaokula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili pale Mama Ngina, Mombasa, au Coco Beach, Dar es Salaam, wamekaa juu ya visukuku na wengi wao hawajui.

Tafuta ukuta wa zamani ambao lipu yake imebanduka, na uende asubuhi au alasiri, jua likiwa la upande, ili vivuli vionyeshe maumbo. Kwanza utaona jiwe la kijivu lenye matundu. Vuta subira. Baada ya dakika chache utaanza kuona nyota ndogo zilizopangwa kwa safu, kila nyota ikiwa chumba alimoishi mnyama mmoja wa tumbawe. Kando yake patakuwa na mikunjo ya tumbawe la aina nyingine, inayozunguka kama ubongo uliokatwa. Hapa kipande cha kombe, pale mwiba wa ururu. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu aina, si vipande. Bibi akae kwenye baraza, atazame ukuta wa mbele yake. Gharama yote ni kioo cha kukuzia cha mara kumi, kile wanachotumia masonara, ambacho utakipata kwa shilingi zisizozidi 1,000 za Kenya, pamoja na viatu vya soli ngumu kwa watakaotembea kwenye mwamba wa ufukweni, maana unakata mguu kama wembe usipojihadhari. Usivunje kitu. Kuta zile ni urithi, na nyingine ni nyumba za watu. Piga hodi, omba ruhusa.

Kwa wasomaji wetu walio Ulaya na Marekani Kaskazini mambo ni tofauti, kwani huko ziko sehemu ambazo sheria inakuruhusu kuondoka na ulichookota. Walio London husikia zaidi habari za Charmouth na Lyme Regis, pwani ya Dorset, ambako Mary Anning na kaka yake walifukua mtambaazi mkubwa wa baharini mnamo 1811 na 1812. Ufuko ni bure, kituo cha wageni cha Charmouth ni bure, na matembezi yenye mwongozaji hulipiwa kwa kichwa. Ila treni hadi Axminster inakaribia saa tatu, kisha basi, hivyo familia nyingi hulazimika kulala, na hoteli ndiyo inayokula pesa. Mimi ningemwambia anayeanza aende kwanza Herne Bay, Kent. Treni ni kama saa moja na nusu, unarudi siku hiyo hiyo, na upande wa Beltinge, maji yakipwa, kuna meno ya papa ya zaidi ya miaka milioni 50: meusi, yanang'aa, mzizi umegawanyika pande mbili. Chagua siku za bamvua, maana maji hupwa mbali zaidi. Kadi ya reli ya familia inapunguza theluthi ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya nauli ya watoto, kwa hiyo inaweza kurudisha bei yake ndani ya safari chache. Kote kuwili, usikae chini ya majabali, na uijue saa ya maji kujaa kabla hujaondoka nyumbani. Amonaiti (makombe ya kale yaliyojikunja) za Charmouth zenye rangi ya dhahabu zioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na zikaushwe kabisa, la sivyo madini yake yataanza kuoza kabatini.

Marekani, walio Buffalo, ambako Wakongo na Warundi wengi wamehamia, wako jirani na Penn Dixie mjini Hamburg, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yenye trilobaiti (wanyama wa kale wa baharini) za miaka milioni 380. Unalipa kiingilio, unaweza kukodi nyundo palepale, na unachokipata ni chako. Walio Ohio wanayo Caesar Creek: chukua kibali cha bure kwenye kituo cha wageni, usitumie zana yoyote, usichukue kitu kinachozidi kiganja. Walio Texas wanayo Mineral Wells, magharibi mwa Fort Worth, nayo ni bure. Kwa mtoto mdogo naona zile mbili za bure zinashinda, kwa sababu hakuna kupiga nyundo, hakuna vipande vya kuruka machoni, na kazi yote ni kuinama na kuokota.

Njia nyingine ni kununua dukani au mtandaoni, na hiyo ndiyo ninayoipinga zaidi. Trilobaiti nyingi za bei rahisi zimefinyangwa kwa gundi na unga wa mawe. Na kinachouzwa kama kaharabu yenye mdudu ndani mara nyingi ni sandarusi, ile ile ambayo wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa wakiinunua Zanzibar katika karne ya 19 kwa ajili ya vanishi. Sandarusi ni nzuri, ila ni changa mno ikilinganishwa na kaharabu ya mamilioni ya miaka, na bei yake isingepaswa kulingana nayo. Tone la spirti linatosha: sandarusi inanata, kaharabu hainati. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka. Na yeyote atakayekuuzia mfupa wa kale kando ya barabara, Kenya au Tanzania, anakuuzia kosa la jinai.

Kwa familia ya Kenya yenye shilingi 5,000 na Jumamosi moja, jibu langu ni Olorgesailie, baada ya kupita makumbusho ya Nairobi wiki iliyotangulia. Kwa Mtanzania wa bara, Oldupai kwa kikundi cha watu saba. Kwa wa pwani, ukuta wa jirani, leo hii.

Na ikitokea kwamba wewe mwenyewe, shambani, korongoni au kwenye machimbo ya mchanga, umeona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe. Weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali, andika jina la kijiji, kisha utoe taarifa. Kwa Kenya sheria inakutaka uijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba; kwa Tanzania anza na ofisi ya serikali iliyo karibu, nayo iifikishe kwa Idara ya Mambo ya Kale. Kutoa taarifa ni bure.